Sheikh Zayed na Miaka Minne ya Kuondoka kwa Mwingereza



Tarehe 19 Ramadhan mwaka 1425, yaani tarehe 2 Novemba 2004, alifariki Sheikh Zayed bin Sultan Al Nahyan, rais wa kwanza wa Umoja wa Falme za Kiarabu. Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mlikuwa wadogo sana au hamjazaliwa. Jina lakini mnalijua. Mombasa kuna kituo cha watoto kilichopewa jina lake, na ni nyumba ngapi za pwani yetu ambazo hazina mtu aliyepata kufanya kazi Abu Dhabi au Dubai? Ukimwuliza kijana huyu Zayed alikuwa nani, atakwambia ni yule sheikh wa mafuta. Si uongo. Ila mafuta wengi walikuwa nayo, na hatukai hapa kuwazungumza.

Nataka nikupeleke kwenye miaka minne tu ya maisha yake, kuanzia Januari 1968 hadi Disemba 1971. Hiyo ndiyo miaka ambayo Mwingereza, aliyekuwa mlinzi wa ile pwani kwa karne moja na nusu, alitangaza kuwa anafunga virago. Dola kubwa ikichoka na kurudisha majeshi yake nyumbani, watu hufikiri shida ni ya yule anayeondoka. Kumbe wanaobaki ndio wenye kazi.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Zayed alizaliwa mwaka 1918 hivi, mdogo katika ndugu wanne. Baba yake, Sheikh Sultan, alitawala Abu Dhabi kuanzia 1922 hadi alipouawa mwaka 1926, na aliyemwua hakuwa adui wa mbali, bali ndugu yake mwenyewe. Huyo naye akauawa mwaka 1928. Hivyo ndivyo utawala ulivyokuwa ukibadilika katika ukoo ule. Mama yao, Sheikha Salama bint Butti, akachoka na damu. Akawakusanya wanawe na kuwaapisha kwamba hakuna atakayemdhuru mwenzake. Kiapo hicho kiweke moyoni ndugu msomaji, tutakihitaji.

Kaka mkubwa, Shakhbut, akawa mtawala mwaka 1928. Ilikuwa Abu Dhabi ya dhiki. Lulu ndiyo iliyokuwa riziki yao, wanaume wakizamia majira ya joto kali, na miaka ya thelathini Wajapani wakawa wanauza lulu za kufugwa kwa bei ya chini. Soko likafa. Wazee wetu wa Mji wa Kale wanayakumbuka majahazi ya Ghuba yaliyokuja na upepo wa kaskazi, yakileta tende na samaki wakavu na kurudi na boriti. Hao nahodha na mabaharia walitoka pwani hizo hizo, na wengi hawakuwa na kitu.

Mwaka 1946 Zayed alipewa kusimamia Al Ain, kule bara kwenye chemchemi za Buraimi. Alikaa huko miaka ishirini. Alifukua mifereji ya chini ya ardhi, ile wanayoiita falaj, na kuamua kesi za mabedui akiwa amekaa chini ya mti. Ukitaka kujua alijifunza wapi siasa, jibu ni hapo, kwenye kugawana maji. Mtu akikosa zamu yake ya maji mtende wake unakufa, kwa hiyo anayegawa maji lazima ajue kumpa kila mtu kitu cha kuondoka nacho.

Sasa hebu tuuangalie huo ulinzi wa Mwingereza ulivyokuwa. Mwaka 1820, baada ya kuipiga Ras al-Khaimah kwa manowari, Waingereza waliwafunga masheikh wa pwani ile kwa mkataba wa amani ya baharini. Mwaka 1853 ukafanywa wa kudumu. Mwaka 1892 ukaja ule mzito zaidi: sheikh haruhusiwi kuzungumza na dola nyingine yoyote, wala kuuza au kukodisha kipande cha ardhi yake kwa mgeni, isipokuwa kwa idhini ya Uingereza. Yaani mambo yote ya nje yalifungiwa katika sanduku na funguo akakaa nazo Mwingereza. Hakuna balozi, hakuna wizara ya mambo ya nje, hakuna mtu aliyezoea kukaa mezani na jirani na kusema hapa ni kwangu na hapa ni kwako. Mipaka mingi haikuwa imechorwa vizuri, na haikuwa na haja, kwa sababu jirani akisogea alikutana na bunduki ya Mwingereza.

Zayed aliliona hilo kwa macho yake. Mwaka 1952 watu wa Saudi Arabia waliingia katika kijiji kimoja cha Buraimi na kukaa. Ilinukia mafuta. Kesi ilipofika kwa wasuluhishi Geneva mwaka 1955, upande wa Uingereza ulidai kwamba Zayed alikuwa ameahidiwa mamilioni ili abadilishe upande, naye akakataa. Usuluhishi ukavunjika, na Oktoba mwaka huo kikosi cha askari wa kienyeji chini ya maofisa wa Kiingereza, kilichokuja kujulikana kama Trucial Oman Scouts, kikawatoa Wasaudia. Basi, mambo yakatulia. Lakini hayakuisha. Riyadh haikusahau Buraimi, ilisubiri tu.

Mafuta ya Abu Dhabi yalipatikana mwaka 1958 na kuanza kuuzwa nje mwaka 1962. Shakhbut, mtu aliyeishi njaa ya miaka ya lulu, aliogopa kuzitumia zile pesa. Hapakuwa na barabara wala hospitali ya kutajika. Tarehe 6 Agosti 1966 ukoo ukakubaliana kumwondoa na kumweka Zayed, na Waingereza walikuwa nyuma ya jambo lile, tusifiche. Askari wa Scouts walikuwa karibu na kasri siku hiyo. Ila kile kiapo cha mama yao kilisimama. Shakhbut aliondoka akiwa hai, na baadaye akarudishwa akaishi Al Ain kwa heshima mpaka akafa kitandani mwaka 1989. Kwa ukoo ule, hilo lilikuwa jambo jipya.

Kwa hiyo mwaka 1966 Zayed anakalia kiti na Mwingereza yuko pembeni yake. Mwaka mmoja na ushei baadaye, Mwingereza huyo huyo anamwambia kwaheri.

Ilikuwaje? Uingereza ilikuwa imefilisika, kwa lugha nyepesi. Tarehe 18 Novemba 1967 serikali ya Harold Wilson ilishusha thamani ya pauni kwa asilimia 14. Mwisho wa mwezi ule ule majeshi yao yakatoka Aden, na masheikh wa bara la Aden waliotegemea mikataba ya ulinzi kama ile ya Ghuba wakajikuta hawana dola wala kiti. Sisi wa pwani hii tulikuwa na mfano wa karibu zaidi. Himaya ya Uingereza ilikwisha Unguja tarehe 10 Disemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 Sultani Jamshid yuko baharini anakimbia. Sababu za mapinduzi yale ni nyingi na si mahali pake hapa. Ninachosema ni kwamba mtawala yeyote mdogo aliyekuwa chini ya bendera ya Uingereza alikuwa na la kumfanya akose usingizi.

Kilichowauma zaidi ni namna walivyoambiwa. Novemba 1967 naibu waziri, Goronwy Roberts, alizunguka Ghuba akiwahakikishia masheikh kwamba Uingereza haiondoki. Januari 1968, mtu yule yule akarudi kuwaambia inaondoka. Tarehe 16 Januari Wilson akatangaza bungeni London: majeshi yote yatakuwa yametoka Ghuba kabla ya mwisho wa 1971.

Zayed alifanya jambo ambalo huenda likakushangaza. Alijitolea kulipia gharama za majeshi yale ili yabaki. Wengine wakamcheka, eti Mwarabu anamlipa mkoloni abaki! Lakini usimhukumu haraka. Upande mmoja yuko Shah wa Iran anayedai Bahrain yote ni mkoa wake na visiwa kadhaa ni vyake. Upande wa pili ni Saudi Arabia na dai la Buraimi. Kusini, Dhofar, vita vya msituni vinawaka dhidi ya Sultani wa Oman. Zile falme saba za pwani zilikuwa na watu wapatao 180,000 tu kwa jumla. Basi angefanya nini? London ilikataa, na waziri wa ulinzi Denis Healey akalikataa hadharani kwa kejeli, kwamba jeshi la Uingereza si la kukodishwa kwa masheikh. Mimi naona kejeli ile iliwasaidia. Tangu hapo hakuna aliyebaki na shaka kwamba mlinzi anakwenda.

Mwezi mmoja baada ya tangazo, tarehe 18 Februari 1968, Zayed akakutana na Sheikh Rashid bin Saeed wa Dubai jangwani, kwenye mpaka wao, katika hema. Ndugu msomaji, Abu Dhabi na Dubai walikuwa wamepigana vita vya mpaka miaka ya arobaini, wala si zamani. Siku ile walikubaliana kuwa dola moja: mambo ya nje, ulinzi, usalama na uraia viwe pamoja. Na wakamaliza mpaka wa baharini. Abu Dhabi ikailegezea Dubai sehemu ya bahari yenye kisima cha Fateh, mafuta ya kwanza ya Dubai. Zayed alikuwa na mengi, mwenzake alikuwa na kidogo, akampa. Mgawa maji wa Al Ain huyo.

Siku tisa baadaye walikaa watawala tisa: wale saba wa pwani, pamoja na Bahrain na Qatar. Wakatia saini kuungana. Kwenye karatasi ilipendeza. Kisha ikaanza miaka mitatu ya mikutano, na hapa ndipo utaona jinsi lile sanduku la mambo ya nje lilivyokuwa limefungwa muda mrefu. Watu hawakuzoeana. Bahrain peke yake ilikuwa na watu karibu sawa na zile saba zote, tena wenye shule za tangu 1919, ikataka viti vya baraza vifuate idadi ya watu. Qatar haikutaka kabisa. Makao makuu yawe wapi? Nani amiri jeshi? Oktoba 1969 walikutana Abu Dhabi, wakamchagua Zayed kuwa rais, na kabla ya kutia saini tamko la mwisho mwakilishi wa Uingereza akaomba kusoma ujumbe wa serikali yake wa kuwahimiza wakubaliane. Watawala wa Qatar na Ras al-Khaimah wakasema huyu anatuingilia, wakatoka. Mkutano ukafa pale pale. Mtu anayeaga ameshika mkono wa mlango, bado anatoa maagizo!

Huku nje majirani hawakukaa bure. Shah alisema hatautambua muungano wowote wenye Bahrain ndani yake. Jambo lile likapelekwa Umoja wa Mataifa, mjumbe wake akaenda Bahrain mwaka 1970 kuwauliza watu, akaripoti kwamba wengi mno wanataka dola huru ya Kiarabu, na Mei mwaka huo Baraza la Usalama likaipitisha ripoti. Shah akakubali. Ni kweli ilikuwa hekima, lakini akabaki na hesabu yake kichwani: nimewaachia Bahrain, sasa nataka visiwa. Naye Mfalme Faisal, mwezi ule ule, akamwekea Zayed mezani dai jipya la ardhi.

Juni 1970 chama cha Conservative kikashinda Uingereza. Edward Heath alikuwa ameahidi akiwa upinzani kwamba atausimamisha uondokaji. Baadhi ya masheikh wakapumua. Sir William Luce, mtu aliyeijua Ghuba, akatumwa kuzunguka, na jibu aliloleta ni kwamba mambo yameshakwenda mbali. Machi 1971 London ikathibitisha: tunaondoka kama ilivyotangazwa. Kumbuka Zayed hakuwa amesimama kumsubiri Heath. Aliendelea kwenda na kurudi Riyadh, Tehran, Kuwait, Cairo, akizungumza na kila anayezungumzika.

Bahrain ikaamua kwenda peke yake, ikajitangazia uhuru Agosti 1971. Qatar ikafuata Septemba. Zikabaki saba, na Julai sita kati yake zilikuwa zimeshakubaliana katiba. Ni katiba ya watu wanaoogopana kidogo, ukiisoma utaona. Kila ufalme unabaki na mafuta yake. Abu Dhabi na Dubai kila mmoja ana uwezo wa kuzuia jambo kubwa. Iliandikwa ya muda, na muda wenyewe ukafika 1996. Iliandikwa pia kwamba utajengwa mji mkuu mpya mpakani mwa Abu Dhabi na Dubai, jina lake Karama, ndani ya miaka saba. Haukujengwa. Ras al-Khaimah ilikataa kuingia kwa sababu haikupewa uzito sawa na wale wawili.

Sasa tufike kwenye lile doa. Tarehe 30 Novemba 1971, siku moja tu kabla mkataba wa ulinzi kwisha, majeshi ya Iran yakashuka kwenye visiwa vitatu karibu na mlango wa Hormuz. Abu Musa, kisiwa cha Sharjah, walishuka kwa makubaliano ya kushinikizwa ambayo mtawala wa Sharjah alikuwa ameyakubali siku chache nyuma. Tunb Kubwa na Tunb Ndogo, vya Ras al-Khaimah, vilichukuliwa kwa nguvu, na watu wakauawa Tunb Kubwa. Manowari za Uingereza zilikuwa bado Ghuba. Kwa mujibu wa mkataba siku ile ulinzi ulikuwa bado ni wajibu wake. Hazikufanya kitu.

Angalia chagizo lake. Iraq ikavunja uhusiano na Iran na Uingereza kwa pamoja. Libya ikataifisha mali ya kampuni ya mafuta ya BP tarehe 7 Disemba ili kuiadhibu London. Tarehe 9 Disemba nchi nne za Kiarabu zikapeleka malalamiko Baraza la Usalama, likaahirishwa. Mtawala wa Sharjah, Sheikh Khalid, akauawa Januari 1972 katika jaribio la mapinduzi, hata miezi miwili haijafika tangu visiwa vichukuliwe.

Na Zayed? Tarehe 2 Disemba 1971, siku ya pili baada ya mkataba kwisha, watawala sita walikutana Dubai, wakapandisha bendera, wakamchagua yeye rais na Rashid makamu wake. Siku hiyo hiyo wakatia saini mkataba wa urafiki na Uingereza, ambao haukuwa na ahadi ya kulindwa. Kikosi cha Scouts kikakabidhiwa kwa dola mpya, kikawa jeshi lake la kwanza. Tarehe 9 Disemba wakaingia Umoja wa Mataifa. Kuhusu visiwa, alilalamika na hakupigana. Wako waliomlaumu. Lakini dola ya siku saba, yenye kikosi cha wapanda Land Rover, ingempiga Shah na nini? Aliyapa kipaumbele yale yaliyokuwa ndani ya uwezo wake, na Februari 1972 Ras al-Khaimah, ikiwa imeonja upweke, ikaingia ikawa ya saba.

Ilibaki Saudi Arabia. Faisal hakuitambua dola mpya. Jirani mkubwa kuliko wote, ndugu katika dini na damu, miaka karibu mitatu hana balozi Abu Dhabi. Zayed akalipa. Kwa mkataba uliotiwa saini Jeddah tarehe 21 Agosti 1974, alibaki na Al Ain na vijiji vyake, na badala yake akaiachia Saudi Arabia ukanda wa pwani uliokuwa ukiigusisha nchi yake na Qatar, pamoja na mafuta ya kisima kikubwa cha Zarrara, ambacho Wasaudia wanakiita Shaybah. Ile ndiyo bei ya kutambuliwa. Wapo Abu Dhabi walioona ni ghali mno, na ukiangalia ramani leo utaona kwamba toka Abu Dhabi kwenda Doha kwa gari ni lazima ukanyage ardhi ya Saudi Arabia. Mimi simlaumu. Aliyeachiwa madeni ya mipaka na mlinzi aliyeondoka hawezi kuyalipa yote kwa maneno.

Wale Waingereza nao hawakwenda mbali sana. Maofisa wao walibaki katika majeshi ya masheikh kwa mishahara ya masheikh, kile kile ambacho Healey alikifanyia kejeli. Kituo cha wanamaji Bahrain wakakirithi kwa sehemu Wamarekani, kwa makubaliano ya Disemba 1971. Na mwaka 2018 Uingereza ikarudi kufungua kituo chake cha wanamaji hapo hapo Bahrain.

Mei 1981 Zayed aliwakaribisha Abu Dhabi wakuu wa nchi sita kuunda Baraza la Ushirikiano la nchi za Ghuba. Walikaa meza moja Bahrain na Qatar waliojitoa mwaka 1971, Oman ya upande wa pili wa Buraimi, Kuwait, na Saudi Arabia iliyokuwa imekataa hata kumtambua. Shah alikuwa ameshapinduliwa na kufariki. Serikali iliyomrithi haikurudisha visiwa, na Zayed aliendelea kuvidai kila mwaka kwa barua na hotuba mpaka alipofariki.